Filamu ya Kyalo na Leso ya Susu

Mwezi uliopita nilishuka Mtito Andei kunywa chai nikiwa njiani kwenda Mombasa, nikakuta hoteli nzima imegeukia televisheni iliyowekwa juu ya friji ya soda. Madereva wa malori walikuwa wanacheka mpaka mmoja akajimwagia supu. Mimi sina uwezo wa kupita mahali watu wanacheka bila kujua sababu, kwa hiyo nikatazama. Kwenye skrini kijana mmoja mnene alikuwa anatumbukia ndani ya bwawa la kuogelea akiwa amevaa joho la mahafali na viatu vyake vyote viwili. Nikajikuta nimesema, "Huyo ni Ndunda." Msichana aliyeniletea chai akaniuliza kama namjua huyo mzungu. Nikamwambia namjua tangu nikiwa darasa la tatu, na kwao ni Mwingi, baba yake anauza ng'ombe.

Hakuniuliza tena. Lakini mimi nilikaa pale nikinusa petroli kutoka kwenye pampu za nje, na ile petroli ikanirudisha kwenye stoo iliyonuka magunia ya katani, vumbi la ndengu na moshi wa jenereta. Niseme ukweli, filamu ile ni ya matusi. Ni vijana wa chuo kikuu wanaokaribia kumaliza masomo na hawajui watafanya nini na maisha yao, basi wanakunywa, wanavuana mashati na kufukuzana kwenye mabweni usiku na mchana. Watu wazima wenye ndevu, hawana mpango wowote. Niliitazama nusu saa nzima, na cha ajabu ni kwamba nilikuwa naijua yote isipokuwa karibu vipande vyote vilivyoifanya ipendwe. Vile vipande mimi nilivijua kwa njia nyingine kabisa.

Nililelewa kijiji cha Kasikeu, huko Makueni, na bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi kwetu humwita Susu. Mama alifanya kazi mbali na alikuja kutuona alipopata nafasi. Yeye ndiye alikuwa kifungua mimba wa Susu, na kitinda mimba alikuwa Anko Musembi, aliyekuwa Nairobi katika mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Kwetu Anko aliombewa asubuhi, aliombewa kabla ya chakula, na akaombewa tena kabla ya kulala, mpaka nikadhani ni sehemu ya sala kama vile amina. Hakuna mtu mwingine katika ukoo wetu aliyekuwa amevuka kidato cha nne. Susu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba Desemba mwanawe atavaa joho. Mchungaji akaandika siku ya shukrani, kitambaa cha rinda kikapelekwa kwa fundi, na mbuzi mmoja akatengwa na wenzake akaanza kulishwa maganda ya ndengu na kubembelezwa kama mgonjwa.

Halafu Anko akaja nyumbani katikati ya muhula, akiwa na begi moja, televisheni ya zamani yenye mgongo mrefu, na CD zimejaa mfuko wa karatasi.

"Tumefunga mapema," alimwambia Susu. "Tunangoja orodha."

"Orodha gani, mwanangu?"

"Ya wale watagraduate. Wanaipanga. Huwa inachukua muda."

Susu akamwekea chakula na hakuuliza zaidi. Anko alikuwa analala mpaka jua linapiga mlango, anaamka, anaota jua kwenye ukuta wa jikoni, anasikiliza redio, anaenda sokoni, anarudi. Mimi nilimfuata kila mahali nikimuuliza maswali. Chuoni mnalala kitanda cha juu au cha chini? Lekchara huwa anapiga watu? Ukimaliza kusoma yote, huwa wanakuambia umemaliza au unajua tu mwenyewe? Hilo la mwisho lilimfanya anitazame muda mrefu, kisha akaniambia niende nikamletee maji.

Baada ya majuma machache akapewa na mfanyabiashara mmoja wa nafaka stoo yake, ambayo ilikuwa tupu tukingoja mavuno. Akaziba madirisha kwa magunia, akaweka jenereta nje, na kila Jumamosi mchana akawa anaonyesha filamu. Siku hizo filamu hazikuwa na maana bila mtu wa kuzitafsiri. Anko alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akapunguza sauti ya wazungu, akaongea yeye. Alikuwa na kipaji, hilo siwezi kumnyima. Aliwapa wale wazungu majina yetu na vijiji vyetu. Filamu iliyotukamata kuliko zote ilikuwa ile ya wanafunzi wasio na mpango. Yule kijana mzuri wa uso aliitwa Kyalo, wa hapa hapa Kasikeu, na rafiki yake mnene ndiye Ndunda wa Mwingi.

Haikuchukua hata Jumamosi mbili kabla ya akina mama watatu wa kanisa kuja kwetu. Walikaa, wakanywa chai, wakasifu mbuzi, ndipo mkubwa wao akafika kwenye jambo.

"Mama Musembi, tunakuheshimu sana. Lakini hiyo stoo ya kijana iko na uchafu. Vijana wanatoka huko wakicheka vibaya."

Susu alikuwa anasuka kiondo, kama kawaida yake. Mikono yake haikujua kukaa bure. Akafikiri kidogo. "Basi mimi nitakaa hapo ndani mwenyewe. Kitu kibaya kikikuja, nafunika."

"Na utajuaje ni kibaya kama hujakiangalia?"

"Musembi ataniambia."

Wale akina mama wakatazamana. Hawakupata kasoro katika mpango huo, wakaomba na kwenda zao. Tangu siku hiyo Susu akawa anabeba kigoda chake mpaka stoo, anakiweka karibu kabisa na televisheni, anaketi akiipa mgongo na kutukabili sisi watazamaji. Aliendelea kusuka kiondo chake. Kwenye goti alikuwa na leso nyekundu. Anko alikuwa anatafsiri vizuri tu, kisha ghafla anasema, "Mwaitu, kitambaa," kwa maana mwaitu ni mama kwa lugha yetu. Susu anaweka kiondo chini na kurusha leso juu ya televisheni bila kugeuka, kama mtu anayefunika sufuria. Mimi nilikuwa nimeketi miguuni pake nikimshikia nyuzi za katani, na naapa hakuwahi kukosea hata mara moja.

Leso ikishashuka, vijana wanapiga miluzi na kulalamika, na Anko anawatuliza kwa kueleza kinachoendelea huko nyuma. Ilibidi aseme kitu, kwa sababu watu walikuwa wamelipa. Na kwa kuwa mama yake alikuwa ameketi pale, alisema kitu kimoja tu ambacho kingeweza kusemwa mbele ya mama.

"Sasa wanasoma," alisema Anko. "Kyalo amefungua kitabu. Na yule msichana pia amefungua chake. Wanasoma pamoja."

Stoo nzima ilivunjika mbavu. Susu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilipokea kila neno kama lilivyosemwa.

Hebu fikiria mambo yalivyokuwa kichwani mwangu. Kitu kibaya kinafunikwa. Kila kikifunikwa, Anko, ambaye anakijua chuo kwa macho yake, anasema wanasoma. Na wakisoma, vijana wakubwa wanacheka kwa aibu na kupigana vikumbo. Nikafikia uamuzi, peke yangu, kwamba mtu akifika chuo kikuu kusoma huwa jambo la siri ambalo halifanywi mbele za watu. Ghafla nikaelewa ni kwa nini Anko hakuwa ameshika kitabu hata siku moja tangu afike nyumbani. Nilikuwa nimeanza kumshuku kwamba ni mvivu, na sasa nikaona ni mtu wa adabu sana. Nikamheshimu upya.

Nikaanza na mimi. Jioni nilichukua daftari langu la hesabu nikaingia chini ya meza na gunia kichwani.

"Wewe Mutheu, unafanya nini huko?" Susu aliuliza.

"Nasoma."

"Na mbona unajificha?"

"Ni adabu, Susu."

Anko alikuwa anakula mahindi ya muthokoi kwenye kona. Alicheka mpaka akapaliwa, na Susu akampiga mgongoni. Kisha akaacha kucheka, akasukuma sahani mbali, akatoka nje. Nilidhani ni pilipili.

Filamu ya Kyalo ilirudiwa Jumamosi baada ya Jumamosi kwa sababu watu hawakuichoka. Na kadiri ilivyorudiwa, mimi nikaanza kuona kitu ambacho wengine hawakukiona, labda kwa sababu wao walikuwa wanangoja leso iondolewe na mimi nilikuwa napenda leso ikiwepo. Kulikuwa na vitambaa vitano katika filamu ile. Vinne vya kwanza niliweza kuvitabiri: muziki unapanda, watu wanaanza kuvua kitu, Anko anaita. Cha tano, karibu na mwisho, kilikuwa na shida. Kabla ya kitambaa hicho hapakuwa na muziki. Kyalo alikuwa anaamka asubuhi, ananawa uso, anavaa shati, anavaa koti, anatembea haraka kwenye korido. "Mwaitu, kitambaa," anasema Anko. Sasa mimi nikajiuliza, watu wa vitambaa vile vingine walikuwa wanavua. Huyu alikuwa anavaa. Mtu anavaa koti ili akafanye kitu gani kibaya?

Isitoshe, kitambaa cha tano ndicho kilikuwa kirefu kuliko vyote, na hapo Anko hakusema tu kwamba wanasoma. Hapo alisimulia. Jumamosi moja Kyalo alikuwa maktaba akimalizia kitabu cha mwisho. Jumamosi nyingine lekchara alikuwa anamwita ofisini na kumwambia, Kyalo, wewe ni mtu wa maana, wengine wamecheza lakini wewe umevumilia. Jumamosi nyingine mama yake Kyalo alikuwa amesafiri kutoka Kasikeu na mayai yamefungwa kwa majani makavu, na Kyalo anampeleka kuona darasa alilosomea, anamketisha kwenye kiti chake. Vijana walipiga miayo. Susu aliacha kusuka. Niliziona nyuzi zikilala mapajani mwake, naye anasikiliza kwa kinywa kilichofunguka kidogo, na mara moja akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Leso ikiondolewa, tayari tulikuwa kwenye ile sherehe ya kumaliza na Ndunda anatumbukia majini, na Anko anatangaza kwamba filamu imekwisha.

Kilichonisumbua ni hiki: filamu ni ileile, CD ni ileile yenye mkwaruzo, mbona nyuma ya kitambaa cha tano mambo yanabadilika? Nilimuuliza Anko. Akaniambia wazungu wana filamu za namna nyingi. Nilimuuliza Susu. Akaniambia niache kuchunguza vitu vya watu wakubwa. Ningekuwa mtoto wa kawaida ningeacha. Usiku nililala nikikiona kile kitambaa, na nikaamua kwamba nitatazama, hata kama macho yangu yatapofuka, maana nilikuwa nimesikia kanisani kwamba hiyo ni moja ya adhabu.

Jumamosi ile stoo ilikuwa imejaa. Nilikaa mahali pangu miguuni pa Susu, bega langu karibu liguse meza ya televisheni. Vitambaa vinne vikapita. Kyalo akaamka, akanawa, akavaa shati, akavaa koti.

"Mwaitu, kitambaa."

Leso ikashuka. Anko akaanza. Siku hiyo Kyalo alikuwa anasaidia wenzake wasioelewa hesabu. Nikafumba jicho moja ili angalau linalobaki linifae uzeeni, nikainua pembe ya leso, nikaingiza kichwa.

Hapakuwa na mtu amevua chochote. Kulikuwa na ukuta mrefu uliobandikwa karatasi, na vijana wengi wamejazana mbele yake wakisukumana. Wengine walikuwa wanakumbatiana na kurukaruka. Kyalo alikuwa katikati, na kidole chake kilikuwa juu ya karatasi. Kidole kikashuka polepole mpaka chini. Kikarudi juu. Kikashuka tena. Akahamia karatasi ya pili, kidole kikashuka, akarudi ya kwanza. Kutojua kusoma Kiingereza hakukunizuia hapo. Nilielewa kila kitu. Nikatoa kichwa nikamtazama Anko. Alikuwa amegeukia magunia ya dirishani, anaongea na magunia, anasema Kyalo ni mwalimu wa kuzaliwa.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimefurahi, kama mtu aliyepata dawa ya ugonjwa wa watu wote. Nikasema kwa sauti ya mtoto aliyezoea kusoma Biblia mbele ya kanisa, "Susu, hapa hakuna uchafu. Kuna mtu anatafuta jina lake kwa ukuta na halioni."

Anko akanyamaza katikati ya neno. Jenereta ikabaki ikinguruma nje.

Susu aligeuka. Kwa Jumamosi zote zile hakuwa amegeuka hata mara moja. Akavuta leso mwenyewe, akaikunja mara mbili, akaiweka gotini, akatazama. Kidole cha Kyalo kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

Susu hakujua Kiingereza, lakini orodha aliijua kuliko mtu yeyote katika stoo ile. Mwaka wa njaa, kabla sijazaliwa, walikuwa wanabandika kwenye ukuta wa ofisi ya chifu majina ya wale watakaopewa mahindi. Alikwenda na watoto watatu, Anko akiwa mgongoni, na kidole chake kikafanya vilevile. Hadithi hiyo tuliijua nyumbani. Nafikiri hakuna lugha iliyohitajika kutafsiri uso wa Kyalo pale.

"Huyu anatafuta nini?" aliuliza, kana kwamba hajui.

"Jina," alisema Anko.

"Na liko?"

Kijana mmoja nyuma akajibu kwa niaba yake. "Haliko, Susu. Kyalo ameanguka." Stoo ikacheka, kwa maana kwenye filamu Kyalo alikuwa anafanya sura ya kuchekesha, anapiga saluti mbele ya ukuta. Nimekuja kuona kwamba wenye filamu walitaka tucheke. Susu aliinuka, akachukua kigoda, kiondo na leso, akanishika mkono, tukatoka nje kwenye jua.

Njia nzima alinivuta mkono. Nililia kimya kimya kwa sababu nilijua nimevunja kitu, na sikujua ni kitu gani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtoto akivunja kikombe huona vipande.

Anko alifika jioni, akasimama mlangoni mwa jikoni. Susu alikuwa anachochea moto. Mimi nilikuwa chini ya meza, safari hii bila daftari.

"Musembi, kaa chini."

Akakaa.

"La Kyalo haliko. Nimeona. Na lako?"

Anko akaokota kijiti, akakitia motoni.

"Nimekuuliza. Lako liko?"

"Haliko, mwaitu."

"Walilisahau?"

"Hawakusahau. Kuna mitihani miwili sikufanya. Niliacha kuingia darasani."

"Pombe?"

"Hapana."

"Msichana?"

"Hapana, mwaitu. Siku moja niliamka, nikavaa, nikafika mpaka kwa mlango wa darasa nikashindwa kuingia. Kesho yake pia. Si ati masomo yalikuwa magumu. Niliona nikimaliza, sijui ni nini nitafanya. Saa hii kila mtu hapa anasema Musembi atakuwa kitu. Nikimaliza itabidi sasa nikuwe hicho kitu, na mimi sikijui."

Nilikuwa namtazama miguu tu kutoka pale chini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vyangu nikiitwa na mwalimu. Nilikuwa nimedhani watu wakubwa wanaogopa nyoka na Mungu peke yake. Nilimhurumia, na wakati huohuo, aibu iliyoje, nilifurahi kujua.

Susu alichochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Kila Jumamosi nimekaa pale nikisikia huyo Kyalo anasoma," alisema. "Nikawa nasema moyoni, ni kama Musembi wangu."

"Najua, mwaitu. Ndiyo sababu nilikuwa naendelea."

Wengi wenu mtakuwa mnataka kujua yaliyompata, na mimi si mtu wa kumnyima mwenzake habari. Alikuja kumaliza, ingawa hakumaliza Desemba ile wala iliyofuata. Leo ana nywele nyeupe kidogo masikioni na anafundisha mahali fulani upande wa Kitui, na ukimuuliza swali anajibu kwanza kwa kukutazama muda mrefu. Lakini usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyejua hilo. Tulijua tu kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili, na kwamba shukrani ilikuwa imeshaandikwa.

Kanisani, wakati wa ushuhuda, Susu alisimama. Kwa kawaida ushuhuda wake ulikuwa mrefu na ulianzia mbali. Siku hiyo alisema, "Niliwaambia Musembi anamaliza Desemba. Hamalizi. Jina lake haliko. Aliogopa kuniambia, na ni mimi nilikuwa nimeshika kitambaa. Mniombee mimi kwanza, halafu mumwombee yeye." Kisha akaketi. Wale akina mama watatu walikuwa kwenye benchi la mbele, na nilingoja waseme kitu, au wageuke kutazama nyuma alikokuwa ameketi Anko. Hakuna aliyegeuka. Mkubwa wao alianzisha wimbo, akauanzisha juu mno, na sote tukahangaika naye mpaka mwisho.

Jumatatu alfajiri niliamshwa na harufu ya mayai yanayochemshwa. Susu alikuwa amevaa rinda jipya, lile la mahafali, ambalo fundi alikuwa bado hajakunja pindo lake vizuri. Anko alikuwa amesimama uani na begi lake moja, anabishana kwa sauti ya chini.

"Mwaitu, huwezi kuenda huko. Huko si kwa chifu. Watu hawakai tu kwa mlango."

"Mimi nilikaa kwa mlango siku tatu, wewe ukiwa mgongoni," alisema Susu akifunga mayai kwa majani. "Mwenye orodha lazima atoke, hata kama ni kwenda kukojoa. Akitoka, atanikuta."

"Na ukimpata utamwambia nini?"

"Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe. Mimi nitakuwa hapo tu."

Niliwasindikiza mpaka mahali barabara ya soko inapokutana na ile ya magari. Bado kulikuwa na giza kidogo, na baridi ile ya Makueni ya asubuhi ambayo watu wa mbali hawaamini kwamba ipo. Sikuwa nimesema neno na Anko tangu Jumamosi, wala yeye na mimi. Nilikuwa na samahani nyingi tayari mdomoni. Lakini tuliposimama, kilichotoka kilikuwa swali, kama kawaida yangu.

"Anko, Kyalo alifanya nini baada ya kukosa jina lake?"

Kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani, alinijibu palepale.

"Sijui, Mutheu. Kuna kipande kingine hapo kabla ya sherehe, lakini huwa naruka. Hata mimi sijawahi kukiona."

Susu alikuwa ametangulia hatua chache na kiondo chake begani. Akasimama, akageuka, akamngoja.

"Basi twende tukione," alisema.